Sanduku Lako Ritafungwa

Jumatatu, 6 Machi 2006

Daktari amesema moyo umechoka. Padri Aristides anataka niungame maisha yote kabla ya Pasaka, na ameshauri niandike nisije nikasahau. Miaka sabini na tisa. Nimeanza na dhambi za karibuni.

Ya kwanza: majivuno. Mimi ndiye mzee pekee hapa Ngara mjini mwenye anuani ya barua pepe. Niliifungua nimzidi Privatus. Nilimfundisha darasa la tano. Leo ni mwenyekiti wa wazee wa parokia na hukaa benchi la mbele. Sasa watu kumi na mmoja hupokea barua kupitia kwangu. Mmoja ni Kanyange, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kaka yake, Bukuru, yuko Kanada na atatuma barua ya kuthibitisha undugu wao. Kanyange ataionyesha kwenye usaili wa kumfuata huko, tarehe 20. Bila barua, jina lake linarudi mwisho wa orodha. Ameisubiri orodha hiyo miaka sita.

Aliniomba nisimwangushe. Nikamwambia sijamwangusha mtu tangu ukoloni.

Jumatano, 8 Machi

Asubuhi kwa Teddy, binti mwenye kibanda cha intaneti jirani na kwa mwanangu Deodata. Barua mpya, kutoka Ofisi Kuu ya Barua Pepe. Mpendwa mteja, sanduku lako ritafungwa baada ya saa arobaini na nane. Tuma neno la siri halaka.

Ritafungwa. Halaka. Miaka thelathini na minane nimepigana na l na r katika wilaya hii. Nikajua papo hapo kwamba mwandishi ni mtu wa kwetu. Mwizi angeandika vizuri ili anidanganye. Huyu ni karani mnyofu aliyekosa mwalimu.

Nikamrudishia barua yake ikiwa imesahihishwa. Alama kumi na mbili kwa ishirini. Chini nikaweka neno la siri, pamoja na ushauri kwamba asome kwa sauti kila siku.

Akajibu kabla sijainuka. Asante sana mwarimu.

Ijumaa, 10 Machi

Sanduku halifunguki. Teddy amejaribu mara tatu, kisha akauliza neno la siri nilimpa nani. Nikasema ofisi. Akauliza ni ofisi gani inayomwomba mtu ufunguo wa nyumba yake. Ya kweli haiombi, kasema. Anayekuharakisha, mtilie shaka. Anuani ya mtumaji isome yote, usiishie kwenye jina. Ukiambiwa bonyeza hapa, usibonyeze. Ukiwa na wasiwasi, itafute ofisi mwenyewe kwa namba unayoijua tangu zamani.

Nikamweleza kuwa yale makosa ndiyo yaliyothibitisha unyofu.

"Mwalimu," akasema, "wewe uliona kosa ukalisahihisha. Hukuuliza limetoka wapi."

Atawaandikia wenye mtandao walifunge sanduku. Itachukua wiki kadhaa. Nimemwomba asimwambie mtu.

Jumanne, 14 Machi

Kanyange amekuja na kibali cha siku moja cha kutoka kambini. Nusu ya njia kwa miguu. Shikamoo, marahaba, barua imefika? Nikasema mtandao umelala kwa sababu ya mvua. Teddy, ambaye wakati huo alikuwa anamtumia mteja barua kwa mtandao huohuo, akakohoa.

Kanyange ameniachia ndizi kwa usumbufu ninaoupata. Nimezila. Dhambi ya pili na ya tatu.

Jumatano, 15 Machi

Privatus amempigia simu Deodata kuuliza niko wapi. Barua pepe imefika ofisi ya parokia kutoka anuani yangu: nimeibiwa kila kitu, nimekwama nyumba ya wageni Nyakanazi, nitumiwe nauli. Deodata akamjibu kwamba niko barazani nakula ndizi.

Nikachukua simu nijue kwa nini Privatus hakuamini. Akasema barua iliomba msaada wa halaka, na Mwalimu angekufa kabla ya kuandika halaka. Akacheka. Yaani alama ileile iliyonipoteza mimi ndiyo iliyomwokoa yeye. Darasa la tano alikuwa wa ishirini na sita.

Kisha nikamkumbuka Bukuru. Kama mwizi ameandika parokiani, ameandika na Kanada.

Ijumaa, 17 Machi

Kanyange amerudi. Nimemwambia yote, hata ndizi.

Akasema, "Mzee, miaka kumi na mitatu naonyesha karatasi kwenye vizuizi. Askari anasoma, mimi nimeshika pembe. Siachii. Wewe uliyesoma ukaachia?"

Teddy akatoa simu yake. Bukuru akapatikana. Barua aliituma tarehe 9, ikaingia mikononi mwa mwizi. Juzi "mwalimu" alimwomba namba ya kadi ya chakula ya dada yake na nakala ya pasipoti. Alikataa mpaka asikie sauti ya Kanyange. Basi akaisikia. Wote wawili walilia, kwa muda wa maongezi wa Teddy.

Barua imetumwa upya kwa anuani ya Teddy na kuchapwa kabla kibali hakijaisha. Nilitaka kuipitia kidogo, nione lugha. Kanyange alinionyesha. Alikuwa ameshika pembe.

Jumapili, 26 Machi

Nimeungama. Padri alicheka mahali pasipostahili.

Privatus amefungua anuani. Watu wangu wote kumi na mmoja wamehamia kwake, Kanyange akiwa wa kwanza. Usaili ulikwendaje? Hakuna anayeniambia. Kumuuliza Privatus siwezi.

Jumatano, 29 Machi

Nimefungua anuani nyingine na kumwandikia Privatus kwa jina la Idara ya Usalama wa Masanduku. Sanduku lake limekumbwa na hitilafu. Atume neno la siri leo hii. Nilikusudia kusoma barua moja tu, ya Kanyange, kisha nife kwa amani.

Nilijaribu kuandika ritafungwa ili aamini. Mkono umekataa.

Jibu limekuja baada ya nusu saa. "Shikamoo, Mwalimu. Kanyange amepita, anaondoka Juni. Neno la siri sikupi."

Amepita. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne.

Sijui amenitambuaje. Pengine ni jina la idara. Kesho nitaandika kama Wizara.