Asilimia Sitini na Moja ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3
Kazi imeanza rasmi. Video ya sherehe ya kumuaga mama mkwe, aliyestaafu ualimu mkuu baada ya miaka thelathini na minane. Urefu wake saa mbili na dakika kumi, zote nimepiga mimi kwa kamera yangu ya nyumbani. Hakuna mwingine aliyerekodi, maana mama mkwe aliamuru simu zote ziwekwe kapuni mlangoni, kama alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi. Watu wazima na vitambi vyao wakatii!

Jumamosi ukoo mzima unakuja kwangu kuitazama. Mke wangu anachotaka ni hotuba tu. Mama yake alimtaja marehemu baba mkwe mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nimemwambia atulize roho. Akanikumbusha kwamba naahidi tangu mwezi wa kumi na moja, na kwamba kwao naitwa Mkwe Kesho. Kumbe ni kejeli? Nilidhani wananiona mtu wa maono.

Nimeingiza video kwenye programu ya kuhariri. Ikacheza, ikakwama, ikaruka. Mama mkwe kabaki mdomo wazi, sauti inaendelea peke yake. Nimeipepea kompyuta kwa sinia. Wapi!

Jumanne, tarehe 4
Nimemwendea Fundi Miwani, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Huyu ndiye hasimu wangu. Anainyemelea harusi ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambayo kwa haki niipige mimi. Sikutaka ajue shida ni yangu, nikasema namuulizia rafiki.

Alieleza mno. Eti kamera za nyumbani hubana picha ili zienee kwenye kadi. Hazihifadhi kila picha nzima, zinahifadhi moja, kisha zinaandika kilichobadilika tu. Kompyuta inabaki kuhangaika kujaza katikati. Kwa hiyo kabla ya kuhariri unageuza faili liwe la fomati ya kuhariria, ambayo kila picha inajitegemea. Nikaitikia kwa kichwa kama ninayeelewa. Akanipa masharti matatu, nikayaandika kiganjani. Geuza. Subiri. La tatu lilifutika nilipoosha vyombo.

Nimegeuza. Nilifuta zile herufi za mwisho wa jina la faili, nikaandika nyingine alizozitaja. Sekunde nne! Na watu wanasomea haya mambo chuoni. Kompyuta ikasema faili halifunguki. Nikaiambia isinifundishe kazi.

Jumatano, tarehe 5
Nimerudi kwa Fundi Miwani kusema rafiki yangu kakwama. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema rafiki yangu kabandika karatasi ya sukari kwenye kopo la chumvi, halafu anashangaa chai yake.

Aliomba kadi azione picha zenyewe. Nikampa. Akaichomeka kwenye mashine yake kama robo saa, akipiga mluzi, akanirudishia. Akanionyesha programu ya bure ya kugeuzia. Akasema nimwambie rafiki yangu kwamba mama mkwe wake anahutubia vizuri. Amejuaje?

Nyumbani nikaanza upya, na hapa ndipo nimepotea kabisa. Faili la gigabaiti kumi na mbili linageuzwa, linakaribia mia! Linavimba tu. Nimelikagua kwa makini. Mgeni hakuna aliyeongezeka, viti ni vile vile. Sasa huo uzito umetoka wapi? Fundi Miwani kanichezea. Ilipofika asilimia sitini na moja, programu ikasimama, ikaandika nafasi imejaa.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekaa chini nikafikiri. Sitini na moja. Shuleni hiyo ni alama ya kufaulu, na wala si kwa kubahatisha. Maana yake faili limegeuka. Sasa lile la zamani, lililobanwa, linakula nafasi ya nini? Nimelifuta, na pipa la kompyuta nikalimwaga. Kadi nayo nimeisafisha, ikae tayari kwa harusi ya shemeji. Kompyuta imepumua. Mimi pia.

Mchana. Nimetazama faili jipya. Linateleza vizuri! Viti vinapangwa. Wageni wanaingia. Mimi najaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, dakika sita nzima. Watu wanakula. Mama mkwe anasimama, anakunjua karatasi yake, anafungua mdomo. Mwisho.

Hotuba ilikuwa kwenye ile thelathini na tisa iliyobaki.

Nimechomeka kadi mara kumi na moja. Tupu. Sikufichi, shajara, nimeogopa. Mwanamke yule aliyasema maneno yale mara moja tu maishani mwake.

Ijumaa, tarehe 7
Mke wangu ameuliza video imefikia wapi. Nikasema iko jikoni. Mpango wa kwanza, umeme ukatike. Wa pili, niugue. Nimeanza kukohoa. Wa tatu, mama mkwe aombwe aitoe hotuba upya, nipige tena kama vile hakuna lililotokea. Huu wa tatu nikamgusia mke wangu kwa mbali. Akanitazama mpaka nikasema yote.

Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akalia kimya, akasema alitaka tu kumsikia mama akimtaja baba. Afadhali angenitukana. Kisha akavaa viatu, nikamwona dirishani anavuka barabara.

Jumamosi, tarehe 8
Sebule imejaa hadi mlangoni. Simu kapuni. Mimi nyuma kabisa, viatu mguuni, tayari kwa lolote. Mara Fundi Miwani kaingia na kompyuta yake, na mke wangu anamkaribisha! Kumbe huyu bwana ana tabia moja. Kadi yoyote ikivuka kaunta yake, haitazami kabla hajainakili. Anasema ameona vilio vya kutosha, na kwamba sharti la tatu lilikuwa usifute la zamani. Jumatano alinakili kila kitu, jana akageuza chote, asilimia mia.

Mama mkwe akatokea kwenye skrini. Akasema kwamba kwa miaka kumi na tisa mumewe alimbebea madaftari ya kusahihisha kutoka shuleni mpaka nyumbani, na hakulalamika hata siku moja kwamba ni mazito. Mke wangu akamshika mama yake mkono. Nililia kuliko wote. Nikasingizia kikohozi, bahati nzuri nilishakianza jana.

Alipohadithiwa mambo yangu, mama mkwe alisema shuleni kwake mwenye sitini na moja alikuwa anarudia mtihani. Harusi kapewa Fundi Miwani. Mimi nimepewa kupanga viti.

Jumapili, tarehe 9
Fundi Miwani ametuachia diski ya kumbukumbu ya familia. Mke wangu kanikabidhi niitunze, akasema anajaribu kuniamini. Nimeifungua. Mafaili mawili, dogo na kubwa, hotuba ile ile! Yaani na vyeti vyake vyote ukutani, hajui kubana nafasi. Nimefuta moja. Lililobaki nimelibadilisha jina lipendeze, pamoja na zile herufi za mwisho.

Nimemtangazia mke wangu jinsi nilivyookoa nafasi. Ameuliza kutoka jikoni nimefuta lipi, na kama lililobaki linafunguka. Nimemwambia atulize roho, nitaangalia kesho.