Cheti cha Sharif na Ukurasa wa Kasoro

Mtongwe, Likoni

Kwa Bi. Winfred Nyale,
Msimamizi wa Waandishi wa Programu,
Bamburi.

KUH: OMBI LA KURUDISHA CHETI CHA MWANANGU

Mheshimiwa Bi. Winfred,

Salamu kwanza, lawama zitafuata. Mimi ni mama yake Sharif, yule kijana wako anayeandika programu ya kuwaarifu madereva wa malori kule Kipevu kontena zao zikiwa tayari. Mwezi uliopita mlimpa cheti cha Mwanatimu Bora, na humo mkaorodhesha sifa zake tano. Nilikitundika mwenyewe juu ya televisheni na nikawaita majirani waje wakione.

Leo nakuandikia kwa heshima uje ukichukue. Sifa hizo tano zinakaribia kuninyima mkaza mwana, na nitakueleza moja baada ya nyingine, kwa namba zenu wenyewe.

1. Huuliza asipoelewa. Huko ofisini labda ni jambo jema. Hapa kwetu alikuja jirani yetu, Bwana Masha, akasema ana shida ndogo. Sharif akamuuliza shida gani, imeanza lini, na kabla haijaanza alikuwa amebadilisha nini. Bwana Masha alikuja kuazima ngazi. Aliondoka bila ngazi, na tangu siku hiyo hutusalimu akiwa barabarani.

2. Hukiri kosa lake mapema. Siku ya hitima ya marehemu mama yangu watu walikula pilau, wakashiba, wakasifu. Sharif akasimama katikati ya ukumbi akatangaza kuwa chumvi ameitia yeye mara mbili, na kwamba amejifunza. Wallahi hakuna aliyekuwa ameonja kasoro yoyote. Baada ya tangazo kila mtu akaanza kuomba maji.

3. Hupokea kukosolewa kwa moyo mkunjufu. Hili limeenea Mtongwe nzima. Mama Kadenge alimwambia rangi ya ukuta wetu haipendezi, naye akamshukuru na kuiandika daftarini. Kesho yake Mama Kadenge akarudi, safari hii kuyakosoa mahamri yangu. Bi. Winfred, mimi nauza mahamri hapa kwa miaka thelathini na hakuna mtu aliyewahi kunikalia kikao. Ati hayana iliki ya kutosha. Sharif akashukuru kwa niaba yangu, akaandika. Iliki ipo ya kutosha.

4. Hushirikiana na wenzake kila siku. Maana yake ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi sote tunasimama uani, kila mmoja aseme jana amefanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Kukaa hakuruhusiwi, kwani mtu akikaa huzungumza sana. Shangazi yake ana magoti mabovu. Kwa siku tisa mfululizo amesema kinachomkwamisha ni huko kusimama, na kwa siku tisa Sharif ameandika.

5. Haachi kazi itoke bila kukaguliwa, wala hafichi kasoro zinazojulikana. Hapa ndipo penye kidonda changu, na yote ya juu ningeyameza kama si hili.

Sharif ana miaka thelathini na miwili na anampenda binti mmoja wa Kisauni, Zuleikha. Kaka yangu Mbwana, ambaye ndiye anayetuandikia posa katika ukoo huu, aliandika barua ya posa nzuri hata nililia nilipoisoma. Sharif akaiomba usiku mmoja aikague. Aliposoma kuwa yeye ni mkarimu asiye na mfano, akayafuta maneno hayo, akasema hatuna ushahidi. Kisha akaambatisha ukurasa wa pili, kichwa chake Kasoro Zinazojulikana, kama mnavyofanya nyinyi mkitoa programu mpya.

Ameandika kuwa anakoroma, na kwamba akigeuzwa ubavu hupungua. Ameandika kuwa kazaliwa Likoni na hajui kuogelea, kazi inaendelea. Ameandika kuwa anaogopa kuku, na hana mpango wa kurekebisha. Ameandika kuwa kazi ikimzidi husahau kuitikia salamu. Ameandika hata yule mchumba wa kwanza aliyemwacha, na kwamba alikuwa na haki ya kumwacha.

Sisi tulikuja kujua bahasha imeshafika Kisauni. Leo ni siku ya kumi na moja, kimya. Jioni mwanangu huitazama simu yake, kisha huilaza kifudifudi mezani na kuniuliza kama nahitaji msaada wowote jikoni. Mimi ni mama, inaniuma. Nani atakubali kuolewa naye akishausoma ukurasa ule?

Kwa hiyo naomba haya. Kwanza, cheti kirudi kwenu. Pili, umwandikie babake Zuleikha, kwa karatasi yenye nembo na muhuri wa ofisi, kwamba ule ukurasa ulitoka kimakosa na kwamba Sharif hana kasoro. Tatu, mumfunze upya kwa majuma matatu namna ya kuficha mambo madogo madogo kama watu wengine. Ikiwa ofisini hamna mwenye ujuzi huo, niko tayari kuja kufundisha mwenyewe kila Jumanne, na nitakuja na mahamri.

Unisalimie timu nzima, na yule mlinzi wa langoni aliyenipa kiti siku nilipomletea Sharif miwani yake. Waambie sina ugomvi na yeyote.

Ni mimi mwenye uchungu, na mwenye kukuheshimu,
Mwanarehema, mama yake Sharif.

Baada ya sahihi: Sijaifunga bado bahasha, jibu limeletwa kutoka Kisauni. Wamekubali. Wameambatisha ukurasa wa kasoro za Zuleikha kwa mwandiko wake mwenyewe, nazo ni saba. Ya tatu ni kwamba naye anaogopa kuku, sasa sijui nyumba hiyo kuku atachinjwa na nani. Babake anasema ameshaletewa posa nne za wanaume wasio na kasoro hata moja, na zote amezirudisha.

Ameomba jambo moja tu, ukurasa wa mama mkwe. Nimekaa nao tangu adhuhuri na nimefika kasoro ya sita. Nimempa Sharif aukague. Amesema ipo moja nimeisahau, akaitaja, nami nikamshukuru.

Cheti kiacheni ukutani. Jumanne nitakuja na mahamri, nimeyaongezea iliki.