Diski Pacha za Studio ya Dada

Jumatatu, 4 Machi

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo saa tatu asubuhi, kwa mkono wangu huu wa kulia, nimefungua skrubu sita za kompyuta ya Dada na sijapoteza hata moja.

Moja. Iko chini ya kabati.

Dada ana studio ya picha. Mimi nina chumba cha nyuma, kwa hisani yake. Mwezi uliopita diski ya kompyuta ilikata roho na picha za mahafali ya watu tumboni. Nikampa wazo: diski mbili zinazoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja, kama mapacha. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Hakuna kifaa cha ziada, programu inafanya yote. Jirani yetu fundi simu, ninayemwita Mwenye Cheti kwa sababu cheti chake kiko kwenye fremu mlangoni, alisema inatosha kunakili picha pembeni kila jioni. Mtu asiye na ndoto kabisa.

Masharti ya Dada: Ijumaa saa nne bibi harusi anakuja kuchagua picha. Mashine isipowaka, chumba changu anapewa Mwenye Cheti kiwe karakana, nami nahamia kwa kaka mkubwa. Kaka mkubwa huamka saa kumi na moja kufanya mazoezi. Na huamsha wenzake.

Jumanne, 5 Machi

Mfumo mpya nimeuingiza kwa flashi. Mwishoni mashine ikauliza niweke wapi butloda, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kila inapowashwa. Zikaja nafasi tatu. Tatu! Diski ninazo mbili. Jambo la kufikirisha. Nikafikiri, nikachagua ya juu. Haiwezi kuwekwa juu bure.

Imewaka! Dada amemimina humo picha zote za harusi, mia nane na kumi na mbili. Ameniita mdogo wangu, tena kwa sauti ya kawaida.

Jumatano, 6 Machi

Dada amefuta kadi za kamera, ana kazi nyingine. Mimi nikachomoa flashi niweke nyimbo zangu. Nikawasha mashine. Kiza, na kistari cheupe kinakonyeza. Nikarudisha flashi, ikaamka. Nikachomoa, ikagoma. Nimerudia mara kumi na nne, kwa ajili ya elimu. Kumbe ile nafasi ya juu ilikuwa flashi yenyewe! Mapacha wana picha zote, ila anayewaamsha analala nje.

Mtu wa akili ndogo angerekebisha. Mimi nimegeuza mgongo wa mashine ukutani, nikaibandika flashi kwa plasta. Dada alipouliza, nikasema ni kifaa cha usalama.

Alhamisi, 7 Machi

Mwenye Cheti amekuja kuazima kiti. Ana viti vinne. Akachungulia nyuma ya mashine, akauliza plasta ile ni ya kidonda gani. Nikachomoa waya wa diski moja mbele yake, mashine ikifanya kazi. Ikaendelea! Harusi nzima kwenye kioo, hata bwana harusi hakupepesa macho. Mwenye Cheti akaondoka bila kiti. Nikarudisha waya, mapacha wakapatana upya kwa saa mbili.

Saa tisa Dada akazima mashine, akabandua flashi, akaenda nayo kuprinti mkataba. Nilipolalamika akasema, "Mdogo wangu, mimi flashi naijua nikiiona." Mwenye duka la kuprinti alikuta mafaili asiyoyaelewa, akadhani ni virusi, akaifuta yote. Bure, kwa upendo.

Dada aliporudi akaichomeka flashi, akabonyeza swichi. Kistari. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Za harusi zimeenda?"

Nikasema hapana. Sikuwa na hakika.

Ijumaa, 8 Machi

Saa moja asubuhi nimebisha kwa Mwenye Cheti. Nikasema nimekuja kusalimia.

"Kaa, ndugu yangu. Butloda, siyo?"

Akaeleza taratibu. Picha zipo, mapacha wazima. Niamshe mashine kwa flashi yake, niwaunganishe mapacha, niingie ndani ya mfumo wao, niandike butloda mwanzoni mwa diski ya kwanza, kisha ya pili. Sehemu ile ya mwanzo mapacha hawaigani, kila mmoja lazima aandikiwe yake. Akarudia: zote mbili, la sivyo ya kwanza ikifa, ya pili itabaki na picha bila wa kuiamsha. Nimevutiwa mno! Nimemuuliza maswali tisa. Muda ukaenda.

Diski ya kwanza ilimalizika saa nne kasoro dakika tano. Nikawasha bila flashi. Ikaamka! Bibi harusi yuko mlangoni. Amechagua picha sitini, na katika hamsini yuko peke yake. Dada amesema chumba ni changu, ila nisikizoee. Tangu hapo anamwambia kila mteja kwamba hapa picha hazipotei.

Jioni Mwenye Cheti alipita kuchukua flashi yake. Akauliza kama nimeandika kwenye zote mbili. Nikamwambia kazi imekamilika, zote mbili, aende tu kulala. Akanipa mkono.

Ya pili sijaigusa.