Mlango Ulioota Sufi

Leo Jumamosi nimedhalilika mbele ya wanawake watano na baba mkwe. Naandika rangi ikiwa bado kwenye kucha na hasira hazijashuka, kwa hiyo atakayeniuliza swali la kijinga tutagombana.

Tuanze Alhamisi. Baba mkwe aliniazima gari lake nifuatilie mambo ya shughuli. Kesho anamwoza binti yake Rukia, wifi yangu, na gari hilo ndilo la kumbeba bi harusi. Lina rangi ya damu ya mzee. Mwenyewe hulifuta kila asubuhi kabla hajanywa chai. Mimi nikalirudisha nyuma kuingia kwangu, nguzo ya geti ikaupata mlango wa nyuma. (Nguzo haijahama tangu nije kuishi hapa Makorora. Najua.)

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa na urefu wa kidole. Lakini baba mkwe hajanigombeza hata siku moja tangu niolewe, na nilitaka ibaki hivyo. Gari alikuwa analifuata leo baada ya sala ya adhuhuri. Mume wangu yuko Pemba kikazi. Nilimpigia, akasema, "Mwambie tu baba." Nikakata simu.

Jana nikaenda mjini kwenye duka la rangi za magari, nimebeba kile kifuniko cha mdomo wa tangi la mafuta ili wanilinganishie rangi. Nikapewa makopo mawili ya kupuliza. Muuzaji akaniangalia juu mpaka chini.

"Unampelekea fundi?"

"Napiga mwenyewe."

"Haya. Ila dada, kupuliza si kazi. Kazi ni vumbi. Uchafu kidogo ukitua juu ya rangi mbichi, unakauka nao."

Basi nikalala nawaza vumbi, nikaamka nawaza vumbi. Nasra wangu, miaka minne, nikampeleka kwa jirani kabla hajamaliza uji. Kuku nikawafungia bandani. Gari nikalisogeza ubavuni mwa nyumba, nikamwaga ndoo sita za maji chini mpaka mchanga ukawa tope. Nikazungushia vyandarua vitatu, nikavifunga kwa kamba za kuanikia nguo. Juu nikaacha wazi kwa sababu harufu ya rangi ilinipa kizunguzungu. (Kumbukeni hapo juu palipo wazi.) Mlango nikauosha, nikaupiga msasa, nikaufuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, vioo nikaviziba kwa magazeti. Kanga nikavua, nikavaa koti la mvua la mume wangu, maana nilisikia nguo za pamba hutoa nyuzi. Kichwani mfuko wa nailoni. Usoni barakoa. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Na si kwamba nilipaka pale penye mkwaruzo tu. Hapana. Nilipopapiga msasa pakawa pakubwa kama sahani, nikaona nipige mlango mzima usilete kiraka.

Mkono wa kwanza wa rangi ukakubali. Wa pili ukakubali. Nikiwa katikati ya wa tatu nikasikia hodi getini. Sauti za wanawake, wengi.

Mtu mwenye akili angeuliza wamefuata nini. Mimi nilikuwa nawaza vumbi la miguu yao. Nikapiga kelele humo humo ndani ya vyandarua: "Karibuni, piteni uani! Msije huku! Zungukeni kule kule!"

Wakazunguka. Nikajipongeza kwa wepesi wa kufikiri.

Nikamaliza. Wallahi mlango ulikuwa kama kioo. Niliuona uso wangu mle ndani, na mfuko wa nailoni juu yake, nikajipenda.

Ndipo ukatua unywele mmoja mweupe.

Nikachukua kijiti cha meno, nikautoa taratibu. Ukaacha mchoro. Ukatua wa pili. Nikaupuliza kwa mdomo, ukalala vizuri zaidi. Wa tatu, wa nne, kisha nikaacha kuhesabu, maana nilipoangalia juu anga lote lilikuwa linashuka polepole, jeupe, laini, linaingia pale palipo wazi kama limealikwa.

Sufi. Ile pamba ya msufi, ya kujazia mito.

Nikatoka mbio mpaka uani nikiwa na koti, barakoa na mikono myekundu kama nimechinja. Shangazi Mwanahamisi, dada yake baba mkwe, amekaa mkekani na gunia zima la sufi kutoka Maramba. Pembeni yake wanawake wanne, kila mmoja na fimbo, wanaipiga ili mbegu zitoke. Mito ya bi harusi hiyo. Kwa Shangazi, mwari kulalia sponji ni sawa na kumtupa. Na upepo wote unatoka kwao kwenda ubavuni.

Nikafoka. Sitaandika yote niliyosema. Mwisho wake ulikuwa: "Nani mwenye akili timamu aliyewaambia mje kupigia sufi kwangu?"

Fimbo zikasimama. Shangazi akafuta mikono, akachukua simu yake, akafungua kundi la familia, akabonyeza ujumbe wa sauti. Ikatoka sauti yangu mwenyewe, ya Jumatano, siku moja kabla ya nguzo, tamu kabisa:

"Shangazi, Jumamosi sufi mje kupigia kwangu. Uani kuna saruji, halafu upepo unapita vizuri. Sufi inataka upepo."

Nikavua barakoa.

Bi Mwajuma, mmoja wa wale wanne, ambaye masikio yake ni mazito kidogo, akasema, "Sikusikia vizuri." Ikarudiwa.

Kisha wote watano wakainuka kwenda kulitazama gari. Mlango ulikuwa umeota manyoya kuanzia kitasa mpaka chini.

"Kifaranga wa siku tatu," akasema mmoja.

"Mama Nasra, sasa huu unafuliwa au unanyolewa?" akauliza Bi Mwajuma.

Shangazi akanionea huruma. Kabla sijamzuia akalowesha upindo wa kanga, akafuta mara moja, kwa nguvu. Sasa yakawa manyoya yaliyochanwa upande mmoja.

Hapo ndipo baba mkwe alipoingia, kofia kichwani, katoka kuswali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akautazama mlango. Akanitazama mimi na mfuko wangu wa nailoni. "Unaumwa?"

Nikamweleza yote, nguzo, msasa, sufi. Nilisubiri anigombeze. Akainama, akaniuliza mkwaruzo ulikuwa wapi. Nikamwonyesha.

"Niliuona jana nilipopita hapa," akasema. "Nikanyamaza nisikuaibishe. Hapo ndipo wapambaji hubandika lile ua kubwa. Lingefunika."

Shangazi akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Baba mkwe akapapasa manyoya kwa kidole kimoja, yamekwisha kukauka. "Sasa hapa," akasema, "ua moja halitoshi." Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Fundi wamempigia, hawezi mpaka Jumanne. Rukia katumiwa picha, kajibu kwamba mradi gari linatembea, yeye anakwenda kwa mumewe. Mito, nasikia, imetoka laini sana.

Kwa hiyo kesho mkiona gari la bi harusi limejaa maua upande mmoja tu, huo ndio upande wangu. Mpungieni Rukia mkono. Mimi nitakuwa kwenye kiti cha nyuma, nimeinama natafuta kiatu.