Kumpandisha Mama Mkwe Mlimani

Jumatatu, 6 Mei

Nimeipata! Pikipiki ya magurudumu manne. Matairi mapana kama mito ya kulalia. Inapita matope, mawe, vichaka. Tumebadilishana na mpima ardhi mstaafu: yeye kachukua kochi letu kubwa, mimi nimechukua chombo. Ameapa kimepanda kila mlima aliowahi kuupima. Nimekiita Kifaru. Kimenileta mpaka nyumbani bila hata kukohoa.

Mke wangu aliporudi kazini nusura akae hewani. Akauliza kochi liko wapi. Nikamwonyesha dirishani. Ameingia kulala na viatu vyake.

Hajui hesabu zangu. Mdogo wake amejifungua. Nyumba yao iko juu mlimani, gari halifiki, na mama mkwe, aliye hapa kwetu, hawezi kupanda kwa sababu ya magoti. Mjukuu anamwona kwenye picha za simu tu. Sasa mwanyumba, mume wa huyo mdogo mtu, ameahidi kuleta wabebaji na kiti Jumamosi. Kiti! Na mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi, tangu nioe, ni "huyu". Basi Jumamosi nitampandisha mimi. Tuone nani mwana.

Kabla jua halijazama nimekipaka Kifaru rangi ya kijani, chote, kuanzia taa mpaka mfuniko wa tangi. Kinang'aa!

Jumanne, 7 Mei

Safari ya majaribio. Kufika duka la vitambaa, Kifaru kikakohoa, kikazimika. Mbele za watu! Stata: kimya. Nikafungua tangi, nikachungulia. Petroli tele. Nikafunga. Nikachomoa plagi, nikaisugua kwa soksi niliyoivaa, nikairudisha. Kikawaka! Kumbe ufundi ni kipaji tu. Nimerudi kwa honi njia nzima.

Kikazimika getini. Nikachungulia tangi tena. Mama mkwe alikuwa dirishani. Alimuuliza mke wangu kama huyu amemaliza kucheza.

Jumatano, 8 Mei

Plagi mpya. Nikafika sokoni, kikafa. Kwa hiyo si plagi. Nikachungulia tangi tena, huenda nimeuziwa mlevi. Petroli tele. Nikatikisa waya za betri, kikawaka papo hapo. Betri! Nimezifunga waya kwa utepe mwekundu kutoka kwenye kabati la mke wangu. Zimependeza kweli.

Kimezimika tena mbele ya kinyozi. Wateja wakatoka na sabuni usoni kuja kutazama.

Nimempigia simu mpima ardhi, nikamwita tapeli. Akajibu kwa upole kwamba kwake hakikuwahi kuzimika hata siku moja. Akaongeza kwamba kochi ni zuri sana kwa mgongo wake.

Alhamisi, 9 Mei

Mwanyumba ameshuka na kiti, eti mama akijaribu. Kina mto. Kina pa kuegemeza mikono! Mama mkwe akakaa, akajinyoosha, akasema, "Mwanangu, umefikiria." Nikatoka nje.

Nikafungua kabureta juu ya meza ya jikoni. Nimeisafisha kila kitundu. Baada ya kuifunga ilibaki skrubu moja, dalili kwamba waliotengeneza walizidisha. Nikafungua tangi, nikaongeza petroli. Kikawaka. Nikakizungusha uani, furaha tele, mpaka kikazimika kwenye kamba ya nguo.

Jioni mke wangu ameuliza kwa nini mswaki wake unanuka petroli. Nimesema sijui. Huyu mwanamke ana maswali.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu ameleta fundi bila kuniambia. Nimejisikia vibaya, lakini nikamfungulia tangi aone mafuta. Fundi akafunga macho, akasikiliza mngurumo, akatikisa kichwa kama anasikiliza muziki. Akasema hiki ni kizima kabisa. Akaondoka. Hajafika kona, kikafa.

Mke wangu akaniomba niwe mtu mzima, nikubali kiti. Nikasema tusubiri.

Alasiri mama mkwe alikuwa anakunja nguo ndogondogo alizomshonea mjukuu, akizipanga kikapuni. Bila kuniangalia akauliza, "Huyu, kitafika kweli?"

Nikasema kitafika.

Jumamosi, 11 Mei

Siku!

Chini ya mlima mwanyumba alikuwa tayari na kiti chake na wanaume wanne wenye mabega. Mama mkwe akakitazama kiti. Akakitazama Kifaru. Akasema, "Sibebwi kama maiti mimi." Akapanda nyuma yangu, kikapu mapajani. Nilitaka kuimba.

Nusu ya mlima, kikohozi. Kimya. Kule chini wabebaji wakaanza kupanda na kiti kitupu. Nikapiga magoti, nikashika spana. Wakatufikia. Mwanyumba akanisalimia kwa adabu. Adabu ile! Wakatupita.

Mama mkwe akanigusa bega. "Acha hiyo plagi. Wiki nzima niko dirishani nakutazama. Ukichungulia humo ndani kinawaka. Ukifunga, baada ya muda kinakufa. Hakipumui hicho. Hata mimi nikikaza mtandio shingoni nazimia."

Akalegeza mfuniko wa tangi mwenyewe. Fyuuu! Kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Tukautazama mfuniko. Kumbe una kitundu cha kupitishia hewa, na kitundu kimejaa rangi ya kijani. Sijui nani alipaka. Akatoa pini kwenye nguo za mtoto, akakizibua.

Kikanguruma! Tukakipita kiti kwa honi. Mwanyumba aliruka kichakani.

Kule juu walimkalisha, wakampa mtoto. Aliweka pua kwenye utosi wa yule mtoto, akafumba macho, akakaa hivyo hivyo. Nguo za kikapuni hakuzikumbuka. Nikatoka kwenda kuangalia cheni. Cheni ilikuwa sawa. Nikaiangalia muda mrefu.

Kisha tukaanza kushuka. Wiki nzima nilihangaika na kuwaka. Suala la kusimama halikunijia. Nikabana breki. Ikalegea kama mkate ulioloa. Mteremko ukatuchukua! Nyuma yangu: "Mwanangu! Simamisha, mwanangu!" Tukapita katikati ya kuku, tukang'oa uzio, tukazama kwenye rundo la majani ya ng'ombe. Hakuna aliyeumia. Mama mkwe akatoka na majani kichwani, wabebaji wakafika na kile kiti, akakipanda mwenyewe, bila kuombwa, akarudishwa juu.

Lakini ameniita mwanangu. Mara mbili!

Jumatatu, 13 Mei

Jana nimelala mchana kutwa, mgongo.

Leo mwanyumba amepiga simu, ananong'ona, nadhani alijificha stoo. Mama mkwe amehamisha vitanda, amefungia televisheni kabatini, anamwamsha alfajiri akafagie. Akaniuliza namchukua lini. Anabembeleza! Nikamwambia breki zikiwa tayari.

Mke wangu anataka aitwe fundi. Wa nini? Nimeshavua magurudumu yote manne, nimeona tatizo. Ni waya tu, na nina waya wa uzio mwingi, ulikuja na Kifaru kutoka kule mlimani.

Jioni mama mkwe ameleta ujumbe. Atakaa huko mpaka mtoto ajue kutembea, kisha watashuka pamoja, kwa miguu. Mke wangu amecheka mpaka machozi. Hajaelewa. Mama ananipa muda nifanye kazi yangu vizuri.

Ila kama ni wawili wa kushuka, siti moja haitoshi. Itabidi trela. Nimeanza kung'oa magurudumu ya toroli la jirani. Bado hajajua. Atafurahi.