Wiki Niliyoshindwa na Salamu

Jumapili, 4 Julai 1976

Katekista Reverien katutia majaribuni. Baada ya ibada kasema kila Mkristo wa Kitahana atafute mtu mmoja tu, amweleze imani kwa kinywa chake, amlete Jumapili ijayo. Atakayeweza ndiye atakayepelekwa Kasulu kuzungumza kwenye semina ya walei. Mimi nina miaka thelathini na minne na sijawahi kumtajia Yesu mtu yeyote nje ya kanisa. Moyo unataka, ulimi unaganda.

Nimemchagua Mzee Ndihokubwayo, nyumba ya tatu kutoka kwetu tangu tuhamishiwe kijijini. Hajabatizwa. Mkewe, marehemu Esteri, alikuwa mwenzetu. Tulimzika mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo mzee huketi mlangoni peke yake. Nikimwona naumia kweli.

Mchana kutwa nimelala chali kwenye majani nikijiona Kasulu. Watu wamejaa mpaka nje ya madirisha. Nanyoosha mkono, wanalia. Mke wangu Immakulata kaniuliza mara tatu kama nimeleta kuni. Kuni!

Jumatatu, 5 Julai

Hotuba tayari. Kurasa saba za daftari la mtoto. Nimeikariri njiani. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, nikaona natembea juu ya mawingu. Ujasiri tele!

Kumbe nilisahau salamu. Kwa mzee wa Kiha huingii na habari zako hivi hivi. Nikachuchumaa, nikapiga makofi polepole: mwakeye. Naye akapiga makofi: mwakeye. Akauliza watoto, mama yangu, wakwe zangu wa Kasanda mmoja mmoja, mbuzi, maharage. Nikarudisha: binti yake wa Nyakitonto, wajukuu, mgongo wake, ng'ombe wake (alikufa mwaka juzi, lakini lazima aulizwe). Tulipomaliza jua limepanda na ukungu umekwisha. Mzee akanishukuru sana, akachukua jembe, akaenda shamba. Kurasa zote saba zimerudi nyumbani mfukoni.

Jumanne, 6 Julai

Mbinu mpya: nifupishe salamu, nianzie kwa wakwe. Haikuwezekana! Mikono ilianza yenyewe kupiga makofi. Tukafika hadi kwa ng'ombe tena. Kisha nikaona aibu kumwacha mzee na rundo lake la maharage, nikashika fimbo tukapura pamoja. Vumbi la maganda likaelea kwenye jua, la dhahabu, nikasinzia nikiwa nimesimama.

Nikashtushwa na kengele. Stanislaus! Mwimbaji mkuu wa kwaya, mwenye baiskeli, mwenye sauti, mwenye kila kitu. Hakushuka hata. Mkono mmoja kwenye usukani, kampungia mzee, kamwambia atubu, kataja jehanamu, kapiga kengele, kaenda zake. Dakika mbili! Mzee akabaki anatazama vumbi. Wivu ulinikaba. Yule ndiye mhubiri.

Alhamisi, 8 Julai

Jana Sabasaba. Hotuba ndefu uwanjani, sikusikia hata moja. Kichwani nilikuwa Kasulu. Ndipo mbinu ikanijia. Mtu aliye mbali hapigiwi makofi!

Asubuhi nikapanda kichuguu ng'ambo ya shamba la mzee. Nikapaza sauti, nikatangaza habari njema kwa mikono miwili. Nilijiona mzuri sana kule juu. Upepo ukameza kila kitu. Mzee, aliyeona mtu anarukaruka na kupunga mikono, akadhani nimevamiwa na nyuki. Akaja mbio na mwenge wa moshi, nyuma yake nusu ya kijiji. Waliponikuta mzima, ikabidi tusalimiane. Wote. Mmoja mmoja.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekwenda kuomba radhi. Salamu kamili, sikuwa na nguvu ya kubishana nazo. Mzee hakukasirika. Akanichomea ndizi. Tukakaa tukitazama vilima vya upande wa Burundi vikigeuka bluu, kimoja nyuma ya kingine, mpaka sikujua kilima ni kipi na wingu ni lipi. Akanisimulia jinsi Esteri alivyokuwa akiimba akipepeta. Machozi yakanitoka. Kwa muda nilimwona pale uani na ungo wake.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka: sikusema neno! Zuzu mkubwa mimi! Immakulata kasema leo nimefanya jambo la maana. Hakuelewa kitu.

Jumapili, 11 Julai

Mzee Ndihokubwayo amekuja kanisani! Shati jeupe, miguu imepakwa mafuta. Reverien akamuuliza ni nani aliyemleta.

Mzee akasimama. Akasema tangu amzike mkewe, watu humpungia mkono wakipita, hata akaanza kuona kama na yeye walimfukia siku ile ile. Lakini wiki hii jirani mmoja amekuja, akachuchumaa, akapiga makofi mpaka mwisho, akauliza hadi ng'ombe, hakuwa na haraka. Akasema kama Mungu wa Esteri ndiye anayefundisha watu hivyo, anataka kumjua. Alikuwa anatazama upande wetu, macho yamelowa. Nililia kama mtoto.

Kisha nikageuka kuona nani yuko pembeni yangu. Stanislaus! Ndiye! Alirudi lini kwa mzee, kwa siri, akashuka kwenye baiskeli? Mjanja sana yule.

Baada ya ibada Reverien alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia nijiandae kwa safari ya Kasulu. Bila shaka nimbebee Stanislaus mizigo. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Lakini sijakata tamaa. Kosa langu nimelijua: salamu ndizo zimenipotezea wiki nzima. Kesho namkabili Mzee Melkiadi, mjane mwingine, na safari hii sichuchumai wala sipigi kofi hata moja. Nimeshaazima baiskeli.