Tausi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Juni 1994
Mbinga baridi kali, akili yangu moto! Tangu mitumba imwagike sokoni, kikundi chetu cha kudarizi kimekwama. Vitambaa vya makochi vimejaa sanduku, hakuna anayevitaka. Mimi, katibu, nimepata dawa: nitavikata, niviunge, liwe blanketi moja la sanaa. Jumamosi Bwana Utamaduni, ofisa wa wilaya, anachagua kazi ya kwenda maonyesho ya Sabasaba, na mwenye kazi anasafiri nayo. Dar es Salaam! Fundi Mansuetus anajigamba atachaguliwa yeye, kwa suti aliyoshona kwa magunia ya kahawa. Magunia!

Jumatano, 15 Juni
Vidole vinauma. Katikati ya blanketi palibaki wazi. Kwenye kapu la mke wangu, Ottilia, nikaona shuka lililodariziwa tausi wawili. Warembo! Nikawakata. Jioni Ottilia akarudi kutoka kuchuma kahawa, akasema nisiguse kapu lile. Eti shuka ni la kitanda cha mama yake kule Lundo ziwani, amelileta ili anakili mshono. Huku kwetu mwanamume hakaribii hata mlango wa chumba cha mama mkwe, sembuse shuka lake! Lakini nimeshashona. Na tausi wamekaa vizuri mno.

Jumamosi, 18 Juni
Ukumbi wa parokia umejaa. Blanketi likatundikwa ukutani. Bwana Utamaduni akaniita msanii. Mansuetus akanuna ndani ya magunia yake. Mara akaingia mama mkwe, kaja kufuata shuka lake! Nikamwamkia shikamoo kwa mbali. Aliwatazama tausi, akajifunika uso kwa kanga, akatoka. Akina mama wakalitambua shuka, wakapiga yowe. Mansuetus, mnafiki yule, akamweleza Bwana Utamaduni kwamba katibu kaanika kitanda cha mkwewe hadharani. Bwana akachagua suti ya magunia.

Jumapili, 19 Juni
Ottilia kaondoka na mama yake. Hakunigombeza, alikunja tu nguo zake. Afadhali angenitukana. Nampenda sana mwanamke yule, na ugali niliopika leo hauliki.

Jumanne, 21 Juni
Wazee wamekaa kikao. Ottilia atarudi mama mkwe akipata shuka jipya, nalo lipelekwe na dada yangu Rosina, mimi nisilishike kabisa. Nikaitikia kwa adabu zote.
Lakini Rosina atalitupa tu kwenye kiti, namjua! Nimeshaomba nafasi kwenye lori la kesho. Nitalipeleka mwenyewe Lundo, niingie hadi chumbani, nimtandikie kitanda kwa mikono yangu. Mama mkwe akirudi kutoka kuanika dagaa wake wa usipa ufukweni, ataona jinsi mkwewe anavyomheshimu.